Redio Moja, Mtu Mmoja

Mwezi uliopita msichana mmoja alinipigia simu kutoka Nairobi. Adabu yake nzuri. Akaniuliza, "Baba, jana kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi ulikuwa unasikiliza stesheni gani?" Nikamwuliza anataka kujua kwa nini. Akasema wanapima wasikilizaji, ili wenye stesheni wajue watu wanapenda nini. Nikamwambia aandike mimi, aandike mke wangu, aandike wajukuu waliokuwa mezani, na mlinzi wa langoni ambaye husikia kupitia dirishani. Akacheka. Alidhani natania.

Mimi sitanii mambo ya redio. Mtu wa kwanza kuniuliza swali hilo nilimjibu uongo, na uongo huo nimetembea nao tangu wakati wa vita vya huku mpakani mpaka leo meno yamekwisha.

Sikusoma. Nilikaa chuo cha Kurani, kisha darasa la pili la serikali, basi. Kiswahili nilikipata kwa madereva wa malori ya ng'ombe. Lakini kila nilicho nacho hapa Garissa nimekijenga mwenyewe, na cha kwanza kilikuwa hoteli ya chai, mabati matatu na benchi nne. Nilitoa ngamia dume, nikachukua redio. Watu walinicheka: ametoa mnyama anayebeba maji akaleta sanduku la kelele. Wiki mbili baadaye wote waliocheka walikuwa kwenye benchi zangu, na wengine wamechuchumaa nje, chini ya waya niliokuwa nimeufunga juu ya mgunga ili sauti ikamate.

Siku kubwa ilikuwa Alhamisi, saa kumi alasiri. Nairobi walikuwa na nusu saa ya nyimbo zetu za zamani, za Kisomali: udi wa nyuzi, makofi, na mtu mmoja anaimba. Stesheni ya ng'ambo ya mpaka ilikuwa na nyingi zaidi, lakini wakati ule ukisikika umeifungua, maswali hayaishi. Kwa hiyo nusu saa ile ya Nairobi ndiyo ilikuwa halali yetu. Ikiisha, kila mtu alitazama jua na kurudi kwake kabla ya kafyu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa ndani ya nusu saa hiyo. Kabla ya vita alipanda lori la mifugo na udi wake, akaenda Nairobi, wakamrekodi wimbo mmoja. Aliporudi hakujivuna hata kidogo. Ningekuwa mimi, wangenikimbia kwa maringo. Kisha vita vikaja. Mwaka wa pili wa vita alipeleka ngamia mtoni upande wa Balambala, na ngamia wakarudi peke yao. Tulisikia kulikuwa na risasi. Za nani, hatukuambiwa. Mwili hatukuuona, na mahali penyewe hatukuruhusiwa kufika.

Mama yetu alikataa hitima. Masheikh walimwendea, wazee wa ukoo walimwendea. Aliwajibu hivi: "Nitamsomea vipi mtu ninayemsikia kila Alhamisi?"

Na kweli alimsikia. Wakati huo wafugaji walikuwa wamekusanywa kwenye kijiji kilichozungushiwa miiba, wanahesabiwa asubuhi na jioni, na mama akiwa mmoja wao. Ili atoke ilibidi askari wa langoni ampe karatasi. Kila Alhamisi aliomba karatasi ya kwenda sokoni, akaja kwa miguu, akakaa nyuma ya pazia la gunia nililomwekea jikoni. Huyu ni mwanamke aliyeamini udi ni kazi ya shetani. Wimbo wenyewe, nadhani, hakuusikiliza. Kabla ya kuanza kuimba kaka yangu alikohoa mara moja, na mtu aliyemrekodi Nairobi hakukikata kile kikohozi. Mama alikuwa akingoja hapo. Akikisikia alisema, "Kifua chake bado hakijapona," kisha akanywa chai yake.

Ndipo akaja yule mtu wa kupima. Kijana wa bara, suruali imepigwa pasi, amebeba ubao wenye karatasi. Nyuma yake askari, kwa sababu hakuna mgeni aliyetembea bila askari. Hoteli ilikuwa imejaa. Akanisalimia vizuri, akauliza:

"Bwana, redio hii inasikilizwa na watu wangapi?"

Sasa nieleze, kwa sababu wasiotujua hawaelewi. Sisi mtu hahesabu alicho nacho kwa mdomo. Mwenye ngamia hasemi ana wangapi. Huwatazama tu wakipita, na anayekosekana humjua mara moja. Watoto ni vivyo hivyo, ukimwuliza mama ana wangapi atakupunguzia wawili. Ukitaja jumla umeliita jicho la hasidi. Hiyo ni desturi. Na juu ya desturi kulikuwa na yule askari, na kulikuwa na neno mkusanyiko, ambalo lilikuwa limepigwa marufuku.

"Redio moja," nikasema, "mtu mmoja."

Akatazama benchi. "Na hawa?"

"Hawa wanakunywa chai."

Mzee mmoja, dalali wa ngamia, mteja wangu wa kila siku, akadakia, "Mimi ni kiziwi, kijana. Mwandike mbuzi wangu, yeye anapenda sana udi." Watu wakacheka. Hata askari akacheka.

Kijana akaandika. "Alhamisi saa kumi unasikiliza nini?"

Nilifikiri haraka, na siku hizo nilijiona mwerevu sana. Nikisema nyimbo, ataniuliza nyimbo za nani. Jina la kaka yangu litaingia kwenye karatasi mbele ya bunduki, na kutoka hapo ni hatua moja tu mpaka kwa mama kule kijijini na karatasi yake ya soko.

"Nafungua taarifa ya habari tu," nikasema. "Zile za udi ni za wazee. Hapa hakuna anayezisikiliza."

Yule dalali akaniunga mkono: "Hakuna kabisa." Na kijana alipotoka akaniambia, "Leo umeongea kama mtu mzima, abti," yaani mjomba. Nikafurahi. Nikampa chai ya bure.

Kijana yule alizunguka mji mzima, na kila mlango ulimjibu kama mimi. Hakuna aliyepanga. Sote tulilelewa hivyo.

Miezi michache baadaye, Alhamisi, saa kumi, badala ya udi likaja gitaa. Muziki wa dansi, Kiswahili, tarumbeta. Mtangazaji akasema kipindi ni kipya, kwa ajili ya vijana. Sitasema uongo mwingine hapa: muziki ulikuwa mzuri, na vijana wawili kwenye benchi ya nje walianza kutikisa mabega. Nikazima. Nikaenda nyuma ya pazia nikamwambia mama redio imeharibika.

Alhamisi ya pili nikamwambia bado imeharibika. Ya tatu nikaomba ruhusa, nikasafiri na msafara wa malori mpaka Nairobi.

Kwenye jengo la redio nilingoja tangu asubuhi. Mwisho fundi wa kanda akanitokea, mtu mpole, mzee kuliko mimi. Nilimweleza nataka ule wimbo. Nikamwambia nitanunua kanda, nitanunua na mashine ya kuipigia. Akashika kichwa.

"Kipindi kiliondolewa," akasema. "Karatasi za kule kwenu zilionyesha hakina msikilizaji. Na kanda ni chache, ndugu yangu. Tunarekodi juu yake."

"Juu yake vipi?"

"Kanda ni ile ile. Kinachoingia kinafuta kilichokuwapo."

Nikamwuliza ni nini kilichoingia. Akatazama daftari lake, akaniambia ni bendi ya dansi. Akaongeza, bila ubaya wowote, "Mngesema mnasikiliza."

Nilirudi na msafara.

Alhamisi mama akaja kama kawaida. Hakukaa. Alifungua ncha ya shuka lake, akatoa mkufu wake wa fedha, ule wa harusi, ambao hata mwaka wa ukame mkubwa hakuuza. Akauweka juu ya meza.

"Chukua, mpe fundi. Akitaka zaidi nina bangili."

"Mama, hauhitajiki."

"Redio mbovu haitengenezwi bure. Wewe ni mfanyabiashara, unajua."

Nikakaa chini kwenye vumbi, mbele yake, kama nilivyokuwa nikikaa utotoni. Nikamwambia redio ni nzima. Nikamwambia habari ya kijana na ubao, na nilichosema, na kwamba nilikuwa namlinda. Nikamwambia habari ya fundi na kanda. Sikubakisha kitu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunilaani; angenilaani ningepata nafuu. Aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo hayuko popote?"

"Hayuko, mama."

Akauchukua mkufu, akaufunga tena kwenye shuka. Mikono yake ilichukua muda mrefu kwenye lile fundo.

"Basi mwite sheikh," akasema. "Mwanangu amekufa."

Hitima tuliisoma kijijini, ndani ya miiba, mchana, kwa ruhusa ya askari. Nilichinja dume la mbuzi. Wanawake walikaa na mama, na watu walimpa pole kama maiti imetoka nyumbani siku ile, kwa sababu kwake ilikuwa siku ile. Nilipomwinamia kumpa mkono aliupokea. Baada ya hapo hakuomba tena karatasi ya Alhamisi. Aliishi miaka mingi baada ya vita, katika nyumba ya mawe niliyomjengea, na kila nilipokwenda kumtazama aliniuliza habari za mvua na za mifugo tu.