Nilimsomea Bibi Ramani Nusu

Jina langu naliacha pembeni, maana Ngamiani watu wanajuana. Kosa ni langu peke yangu. Hakunituma mtu. Niliona wivu, nikafungua mdomo, na nyumba ya bibi yangu ikapotea.

Nilisoma chuo kimoja na Saumu, mtoto wa baba mkubwa. Tulikua kama mapacha, hata nguo za Idi tulishonewa kitambaa kimoja. Tulipomaliza shule sote tuliomba usanifu wa majengo. Yeye akapata. Mimi alama hazikutosha, nikapelekwa kwenye upambaji wa ndani ya nyumba.

Nyumbani wakatugawa hapo hapo. Saumu akawa "injinia wetu". Mimi nikawa "yule wa mapazia". Walisema kwa utani na mimi nilicheka nao, lakini nikirudi kwetu Makorora nilijifungia chumbani.

Kibaya zaidi, somo la kuchora nyumba kwa kompyuta tulisoma darasa moja. Mimi kochi tu lilinitoa jasho, miguu yake inaelea hewani. Saumu alikuwa anasimamisha nyumba nzima, anaizungusha, anafunua paa unaona vyumba vyote ndani. Mwalimu anawaita wengine waje watazame. Nilisimama nyuma yake nikimsifu, na moyoni naomba umeme ukatike.

Mwaka wa mwisho kila mmoja alitakiwa kuwa na kazi yake kubwa. Saumu akachagua nyumba ya bibi yetu, mama wa baba zetu, pale Ngamiani. Nyumba ya udongo na miti, bati limekula kutu, ukuta wa nyuma umeanza kutoka tumbo. Baba mkubwa alifurahi, akasema mchoro ukimpendeza bibi, yeye na ndugu zake watachangishana wajenge kweli.

Bibi akaonyeshwa nyumba yake kwenye kompyuta, kwa nje tu, akacheka mpaka akajifuta machozi. Alikuwa akiuza viungo pale barazani, na kila aliyekuja kununua mdalasini aliambiwa kuwa Saumu anamjengea bibi yake nyumba. Mimi nimekaa pembeni nafunga hiliki kwenye vikaratasi. Habari zangu hakuambiwa mtu.

Saumu alimwachia bibi ramani ya karatasi, akaahidi kuja Ijumaa baada ya swala aielezee mbele ya wanafamilia wote. Alhamisi bibi akaniita chumbani kwake. Akaitandaza ile karatasi kitandani, akasema hana subira, na kwa kuwa nami nasoma mambo hayo hayo, nimsomee.

"Chumba changu hiki kiko wapi?" akauliza.

Nikaweka kidole mbele, upande wa barabarani. "Hapa, bibi. Lakini pameandikwa duka."

"Duka? Na mimi?"

"Wewe umewekwa nyuma, upande wa uani. Choo kiko hapo hapo."

Sikuongeza neno. Na nilijua yote! Saumu alishanieleza darasani, mstari kwa mstari. Duka lilikuwa la bibi mwenyewe, auze viungo vyake bila kukimbizwa na mvua pale barazani. Chumba cha nyuma kilikuwa kikubwa kuliko cha zamani, na choo kilikuwa ndani yake, kwa sababu ya magoti ya bibi, asiwe anashuka ngazi na kuvuka ua. Hayo yote niliyameza.

Bibi aliikunja karatasi taratibu. Mtaniona mtu mbaya, na ni kweli: pale nilisikia raha.

Ijumaa Saumu alikuja na kompyuta yake, amejifunga mtandio mpya. Kabla hajaifungua, bibi alisema nyumba yake haiguswi, na michoro hiyo irudishwe huko ilikotoka. Baba mkubwa akamsihi aseme shida nini. Bibi akaingia ndani. Saumu alibaki na kompyuta mapajani, ananitazama mimi, kama ndugu yake, nimsaidie kuelewa. Nikatazama sakafu.

Haikupita muda bibi akahamia kijijini Mwera kwa mdogo wake. Nyumba ikafungwa. Masika ikapiga, ule ukuta wa nyuma ukalala chini. Baba mkubwa alipomfuata kumuuliza wafanye nini, bibi alimjibu wauze tu, si walishamweka uani. Baba mkubwa hakuelewa, akadhani ni hasira za utu uzima. Nyumba ikauzwa, mnunuzi akaivunja yote. Bila ruhusa ya mwenye nyumba, Saumu akalazimika kuanza kazi nyingine ya chuo dakika za mwisho, na akafeli.

Nilikuwa nimeshinda, si ndiyo? Mbona sikuweza kupita mtaa ule?

Idi iliyofuata tulikwenda Mwera kumwona bibi. Saumu alipiga goti mbele yake. "Shikamoo bibi." Bibi aliendelea kuchagua mchele kwenye ungo. Saumu akarudia. Kisha bibi akanishika mkono mimi.

"Mjukuu wangu ni huyu," akasema. "Huyu ndiye aliyeniambia ukweli wa ile ramani: mbele duka, mimi nyuma na choo."

Saumu hakupandisha sauti. Alinigeukia akaniuliza, "Ulimwambia lile duka ni la nani?"

Nikatikisa kichwa.

"Mwambie sasa hivi."

Nikamwambia bibi. Duka, chumba, choo, magoti, vyote. Aliniuliza kwa nini sikusema siku ile. Nikajibu kwamba nilimwonea Saumu wivu. Jibu lenyewe lilikuwa fupi kiasi kwamba nilitamani ningekuwa na sababu kubwa zaidi.

Bibi aliuachia mkono wangu. Akaweka ungo chini, akamshika Saumu kichwa kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Marahaba."

Leo pale kiwanjani pamejengwa nyumba ya tofali ya watu wengine. Saumu alirudia mwaka, akamaliza. Tukikutana tunasalimiana vizuri, basi. Bibi amenisamehe kwa maneno, lakini nikiingia walipo ndugu wanabadilisha mazungumzo. Cheti changu ninacho na sina wa kunishangilia.

Wewe unayesoma hapa ukiwa na ndugu anayekupita, sikia. Wivu ukikubana, toka nje, nenda ukalie mpaka uishe. Usimsogelee mtu anayekuamini ukiwa nao kooni. Na usijidanganye kwamba uko salama kwa kuwa husemi uongo. Mimi sikusema uongo hata mmoja, na ndiyo maana bibi aliniamini.