Yupo, Yuko, Yumo

Kila mtu na kipaji chake, na changu ni kuuliza. Nikiwa mdogo, mama akinituma dukani alikuwa ananipa na onyo juu yake: nunua sukari, usimuulize mwenye duka kwa nini mkewe amerudi kwao. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kuripoti michezo redioni, nyumbani hakuna aliyeshangaa. Kaka yangu alisema tu kwamba hatimaye umbea umepata ofisi.

Timu niliyopangiwa kuifuatilia ilikuwa ya ligi kuu kwa jina. Msimu ule ilikuwa inafungwa kwa ratiba, kama benki. Lakini mimi sitaki kusimulia timu. Nataka kumsimulia msemaji wake, mzee mmoja mwembamba wa miwani, ambaye waandishi wote tulimwita Mwalimu.

Halikuwa jina la utani tu. Miaka kumi na minane alifundisha Kiswahili shule ya msingi, na mimi mwenyewe alinifundisha darasa la tano. Alifikaje kwenye mpira? Siku moja klabu ilibandika tangazo ukutani, lina makosa sita. Mwalimu akalibandua, akaenda nalo nyumbani, akalisahihisha kwa kalamu nyekundu, akaandika chini "Jitahidi zaidi", kisha akalirudisha palepale. Uongozi wa wakati huo ulicheka sana, halafu ukamtafuta ukampa kazi.

Ofisi yake ilikuwa chini ya jukwaa, mlango wa pili kutoka chumba cha kufulia jezi, kwa hiyo taarifa zake zote zilinuka sabuni. Alikuwa na meza, feni yenye mapanga mawili badala ya matatu, na kopo la kalamu nyekundu. Magazeti yetu aliyasoma kalamu mkononi. Ukiingia unamkuta ameizungushia duara sentensi yako, anakutazama juu ya miwani, na mtu mzima na watoto wako unajikuta umeficha mikono nyuma.

Kila asubuhi nilimpigia simu. "Mwalimu, upo?"

"Nipo, binti. Uliza."

Nami niliuliza. Ajabu ni kwamba huyu mtu hakuwahi kusema uongo. Msemaji wa timu inayoshika mkia, hebu fikiria! Wenzake wa klabu nyingine walitia chumvi mpaka mchuzi ukamwagwa. Yeye alipiga chenga, ndiyo, lakini kila neno lake ukilirudia baadaye ulilikuta safi. Nilimuuliza mkewe, mama mmoja mcheshi aliyekuwa fundi cherehani, kama nyumbani naye yuko hivyohivyo. "Mwanangu," akaniambia, "nimekaa naye miaka ishirini na sita na bado sijui kama napika vizuri. Nikimuuliza chakula vipi, ananijibu kimeiva."

Jambo hilo likaninyima raha. Mtu anafichaje siri za klabu nzima bila kudanganya? Nikaingia stoo ya redio, nikatoa rekodi zake za misimu mitatu, nikakaa nazo wiki nzima na daftari. Wenzangu walidhani nimepata mchumba.

Jibu nililipata kwenye herufi moja. Katika misimu hiyo, swali ambalo tulimuuliza kuliko yote lilikuwa kama kocha bado yupo. Mara nyingi sana alijibu, "Kocha yupo nasi." Mara tatu peke yake alijibu, "Kocha yuko nasi." Na kila alipotamka yuko, wiki haikuisha kabla kocha hajafungasha.

Mtaani nani anajali? Yupo, yuko, tunasema litakalotangulia mdomoni. Lakini mimi nilipita darasa la tano la Mwalimu, na pale tulikariri mpaka tukaota: po, napaona, ko, sikuoni, mo, nimeingia. Po ni mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole. Ko ni huko, popote pale, hata njiani kuelekea kituo cha basi. Kwa hiyo mzee alikuwa anatuambia ukweli wote mbele ya maikrofoni, na sisi tulikuwa tunaandika upuuzi.

Nilikimbia ofisini kwake kama mtoto aliyepata mia kwa mia. "Mwalimu, nimekugundua," nikamwambia, nikamsomea daftari langu lote.

Nilidhani atacheka. Aliweka kalamu chini, akaenda kufunga mlango. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu."

"Basi naomba iishie kwako. Mwenyekiti hanipendi, anasema naongea kama kitabu. Akilijua hili ataanza kusimama juu ya kichwa changu na kuniandikia majibu. Hapo nitakuwa na njia mbili, niseme uongo au niondoke. Na mimi kazi hii naipenda, binti. Naipenda kweli. Nikiamka asubuhi nakuwa na pa kwenda, na watu wananiuliza maswali. Umri wangu huu nani tena ataniuliza kitu?"

Sikuwahi kumsikia akijieleza kiasi kile. Nikamwapia kwa jina la marehemu mama yangu kwamba sitasema. Akazungushia duara neno kwenye daftari langu, akanionyesha kosa, mambo yakaendelea.

Zikapita wiki tano. Jumamosi moja timu ikapigwa nne bila nyumbani, kipigo cha nane mfululizo, na mashabiki wakang'oa viti. Jumatatu saa nne asubuhi tukaitwa kwenye chumba cha mikutano. Unakijua chumba cha aina hiyo: bango la wadhamini limeshikwa na gundi ya karatasi, meza imefunikwa kitambaa cha kijani, maikrofoni zimebanana. Redio yetu ilikuwa inarusha moja kwa moja, na mimi nilikuwa mstari wa mbele na vipokea sauti masikioni.

Mwenyekiti aliingia na Mwalimu, na safari hii akakaa pembeni yake. Mbele ya Mwalimu palikuwa na karatasi moja iliyochapwa. Hakuwa na kalamu nyekundu.

Aliyeuliza ni ripota mkongwe wa gazeti, tuliyemwita Mzee wa Vichwa kwa sababu aliandika vichwa vya habari kabla habari haijatokea. "Mwalimu, tusizungushane. Kocha yupo au hayupo?"

Mwalimu aliitazama ile karatasi muda mrefu kidogo. "Kocha," akasema, "yuko nasi."

Mwenyekiti akatikisa kichwa, ameridhika. Mzee wa Vichwa akaandika huku akisema kwa sauti, "Haya jamani, kazi imeisha. Kocha yupo."

Na mimi nikasema, "Hakusema yupo. Amesema yuko."

Naapa sikukusudia. Lilinitoka kama chafya, kama vile nipo darasani na mwenzangu amekosea ubaoni.

"Si yaleyale?" Mzee wa Vichwa akageuka, akacheka. "Binti wa redio, leo umekuja kutufundisha lugha?" Chumba kizima kikacheka naye.

Hapo ndipo nilipopaswa kuuma ulimi. Lakini mimi nikichekwa nina kichaa. "Si yaleyale hata kidogo," nikasema. "Po, napaona. Ko, sikuoni. Sikiliza rekodi zake zote, akisema yuko, kocha anaondoka." Nilipomaliza ndipo nikaona taa nyekundu ya maikrofoni yangu inawaka, na nikaona uso wa Mwalimu. Hakuwa amekasirika. Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyejibu sawasawa.

Mwenyekiti akaivuta karatasi, akaisoma, akairudisha mbele ya Mwalimu na kugonga mstari mmoja kwa kidole. "Rudia. Soma kama ilivyoandikwa."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Kilichoandikwa nimekiona, Mwenyekiti," akasema taratibu. "Siwezi kukisema." Akaikunja karatasi mara mbili, akairudisha kiti chake chini ya meza kama tulivyofundishwa shuleni, akatoka kwa mlango wa kuelekea chumba cha kufulia jezi.

Redio yetu ikawa ya kwanza kutangaza kwamba kocha anaondoka. Mhariri alinipigia kunipongeza. Nilipokea pongezi zake chooni, nimekaa juu ya ndoo, nalia. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza cha mwenzangu.

Jumatano kocha akaondoka, na siku hiyohiyo wakatambulisha msemaji mpya, kijana wa suti anayejibu kila kitu kwa mkato. Kocha mpya yupo. Golikipa aliyevunjika mkono yupo. Nidhamu ipo, fedha zipo, umoja upo. Sasa hivi hakuna anayejua lolote kuhusu timu ile.

Alhamisi nilizunguka na simu mkononi tangu asubuhi. Niliandaa maneno ya kuomba radhi, nikayaandika kabisa kwenye daftari, nikayasahihisha. Saa sita nikapiga. Ikaita mpaka nikadhani hatapokea, kisha nikasikia cherehani ya mkewe kwa mbali, nikajua amepokea na ananisikiliza.

Maneno yote yakanipotea. Nikabaki na lile nililolizoea.

"Mwalimu," nikasema, "upo?"

Cherehani ikasimama. Nilijua anachagua, na nilijua anachagua nini.

"Niko, binti."

Mimi mwenye maswali yangu yote, sikuweza kumuuliza ni wapi.