Nyumba Iliyokaa Benki

Scholastika alishona sare za shule miaka ishirini na sita kwenye baraza ya nyumba yake ya Kihonda, na siku alipoiuza hakutoa hata chozi. Alikuwa mtu wa Matombo, huko milimani kwenye baridi. Joto la mjini hakulizoea. Sasa yeye na mumewe Andrea walikuwa wamepata nyumba Bigwa, chini ya milima, yenye migomba na kijito nyuma. Kasoro ilikuwa moja: mirathi ya nyumba hiyo bado ilikuwa mahakamani, na mnunuzi wa Kihonda hakutaka kungoja. Basi wakauza, wakapanga vyumba viwili Mafiga kwa Mama Mwamvita, na milioni hamsini na nane zikaingia benki Jumatatu.

Kufikia Jumatano ukoo mzima ulikuwa umeshajua.

"Shikamoo, shemeji," alisema Innocent, mdogo wake Andrea aliyefanya biashara ya vitunguu, hata kabla hajavua viatu.

"Marahaba. Vitunguu vimekuleta?"

Innocent akacheka, akaeleza. Dumila vitunguu vilikuwa bei ya kutupa. Wampe milioni ishirini, baada ya miezi miwili atarudisha ishirini na sita. Andrea, ambaye asubuhi hiyo hiyo alitaka pesa zote zifungiwe kwenye sanduku la nguo, sasa macho yalimwaka.

"Zingekuwa pesa ningekupa," Scholastika alisema. "Lakini hizi si pesa, shemeji. Hii ni nyumba. Nikikupa ishirini nimekupa vyumba viwili na choo, ukavipakie kwenye Fuso."

Andrea aliangua kicheko mpaka Mama Mwamvita akachungulia kuuliza kulikoni.

Kesho yake mke na mume walikwenda benki. Binti wa dirishani akawaeleza kuwa akaunti ya muda maalumu ina riba nzuri, ila ukiivunja kabla ya siku zake, riba unaiacha.

"Na mahakama ikimaliza mapema?" Scholastika aliuliza.

"Hapo, mama, ni juu yenu."

Akafikiri kidogo. Milioni thelathini na nane akazifunga miezi mitatu. Ishirini akaziacha kwenye akaunti ya kawaida, za kodi na za lolote, kwa sharti kwamba hakuna shilingi inayotoka bila sahihi za wote wawili.

Mahakama ilimaliza mwezi wa pili tangu wafunge pesa. Juliana, msimamizi wa mirathi, alipiga simu akihema: mtu wa Dar amekuja na pesa mkononi, wanalipa sehemu wiki hii au anamwuzia yeye? Kesho yake saa nne walikuwa mbele ya mwanasheria na mwenyekiti wa mtaa, wakalipa milioni kumi na tano na kutia sahihi mkataba. Zilizobaki walilipa wiki tano baadaye, riba ikiwa imetimia.

Innocent alipata mtaji kwingine, na vitunguu vyake vilimlipa kweli. Alikuja na viatu vipya.

"Ungekuwa na sita za ziada, shemeji."

"Ningekuwa nazo, na mtu wa Dar angekuwa na nyumba yangu. Hongera, viatu vimekupendeza." Na alimaanisha.

Jumamosi ya kuhamia, Mama Mwamvita alifika Bigwa kwa bajaji, amepakata sufuria ya pilau. Wanawake walikuwa bado wanapiga vigelegele Andrea alipoingia kijitoni kuoga. Maji baridi ya mlimani yalimshika mgongo, akapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani. Scholastika alicheka hadi akakaa chini kwenye majani, na Mama Mwamvita akakaa naye.