Nilivyomhoji Mama wa Uingereza

Mimi nilikuwa yaya, tena yaya wa kweli, na sisemi hivyo kwa kujidai. Watoto wawili wa familia moja ya Kihindu kule Upanga nimewalea mimi, na mpaka leo tukikutana mjini wananiamkia shikamoo mbele za watu.

Miaka hiyo biashara zilikuwa zimefunguliwa, Kariakoo kila kona intaneti kafe, na kila mtu anaota majuu. Nami nikaandika jina langu kwenye mtandao wa kazi. Barua pepe ikaja: mama mmoja wa Uingereza anatafuta yaya, mshahara mnono, tiketi juu yake. Mimi nitume hela ya viza tu, upesi. Nilipomweleza mama nyumbani Magomeni, alilia kwa furaha. Kesho yake akaitafutia mteja cherehani yake. Hiyo ndiyo iliyotulisha tangu baba afariki, na mteja alikuwa aje kuichukua Jumamosi.

Sasa, bosi wangu wa Upanga hakunikabidhi watoto hivi hivi. Siku ya kwanza alinikalisha jikoni asubuhi nzima: huyu hagusi mayai, yule halali mpaka apapaswe mgongo, tena ukimwona kimya sana ujue homa inakuja. Mimi kazi naijua hivyo. Kwa hiyo kabla ya kutuma chochote nikarudi kafe, nikamwandikia yule mama: mtoto wako anakula nini, analala vipi, akilia nimbembelezeje?

Jibu likaja haraka. Mtoto hana tatizo, tuma hela leo, nafasi itachukuliwa. Nikauliza tena. Jibu lile lile, neno kwa neno. Roho iliniuma, maana kichwani nilishapanda ndege. Halafu nikapandwa na hasira. Hakuna mtoto pale wala mama, kuna tapeli kakaa mahali anasubiri cherehani ya watu. Nikalipia muda wangu, nikatoka kichwa juu.

Nyumbani nilimweleza mama yote. Akaivuta cherehani kutoka mlangoni, akaketi kushona. Jirani akapita, akauliza kwa kejeli, "Vipi, Ulaya imekufa?"

"Imekufa," mama akajibu bila kuinua macho. "Mtu hamjui hata mwanawe wa kumzaa, halafu nimpe wangu?"