Njia ya Jeneza Imeishia Ukutani

Saa mbili asubuhi, Karam Ilahi amezama hadi kifuani ndani ya kaburi analolichimba pembezoni mwa jiji la Lahore. Jasho linamtoka. Ng'ambo ya ukuta, juu ya mapaa ya majumba mapya, unaonekana mnara wa msikiti wa kijiji chao, Chak Bhola.

"Ningekuwa kunguru, chai ningekunywa nyumbani," anasema.

Sepetu anayochimbia aliirithi kwa baba yake. Zamani njia ya makaburini ilikatiza mashamba ya ngano, na mkulima aliyekutana na jeneza aliacha jembe akatoa bega. Kisha mashamba yakauzwa. Kila mnunuzi alijenga mtaa wake, akauzungushia ukuta na kuweka geti moja. Barabara za ndani ni pana na zina taa, ila hazitokei popote.

Mwendo wa dakika kumi umekuwa kilomita saba za kuzunguka kwa barabara kuu. Siku hizi maiti hupakiwa kwenye pikapu kama magunia ya vitunguu. Karam mwenyewe hulipwa rupia elfu tatu kwa kaburi, na nauli inamegwa humo humo.

Kinachomnyima usingizi ni mama yake, Bakhtan Bibi, ambaye hajainuka kitandani tangu baridi iishe.

"Karmu, mimi usinipakie garini," anamwambia mwanawe kwa jina la utotoni. "Baba yako alikwenda kwa mabega ya watu. Mimi nimekosa nini?"

"Hujafa bado, mama. Kunywa supu."

"Supu yenyewe haina chumvi."

Mwezi uliopita Karam alikwenda kwenye geti la mtaa unaopakana na makaburi kuomba jeneza lipite ndani na kuvushwa juu ya ukuta, siku ikifika. Mlinzi, kijana wa kijiji jirani, aliinamisha macho.

"Mjomba, ingekuwa mimi ningekufungulia. Wakubwa wanasema maiti inafukuza wanunuzi."

Mnyonge hana haki, husemwa. Huku hana hata njia.

Sasa Karam amekata shauri: mama yake atabebwa kwa mabega kilomita zote saba. Kila Ijumaa baada ya swala anaomba watu wamwahidi bega. Vijana wengi wako ughaibuni. Waliokubali ni wazee wenzake, mmoja anatembelea mkongojo.

"Namwomba Mungu amfikishe Desemba, baridi ikirudi," anasema, akiinama tena kuchimba. "Akiondoka kwenye jua hili, wabebaji wenyewe watanifia njiani."