Betri Kuukuu ya Ubaruku

Ukitaka kumchokoza Fundi Isakwisa pale Mwanjelwa, Mbeya, mwulize tu kwa nini hakushauri ununue kompyuta mpya. Atavua miwani, ataipangusa kwa pindo la shati, kisha atakuuliza kama ulipoumwa jino ulikwenda kununua kichwa kipya. Ndivyo alivyo. Kwa miaka karibu thelathini amekaa kwenye kibanda chenye upana wa mlango na nusu, nyuma ya wauza mitumba, akifungua mashine za watu na kuzifunga. Ufundi aliupata kwa Bharat, mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka la taipureta mjini, na Bharat alimfundisha mambo mawili. La kwanza, kifaa kisitupwe kabla hakijafa kabisa. La pili, kila unachokitoa kwenye mashine ya mtu ukitie alama, kimetoka wapi na mwaka gani, usije ukajichanganya.

Isakwisa aliyashika yote mawili kama mtu aliyeapishwa. Feni iliyokuwa Iringa kwenye ofisi ya mbao leo inapoza kompyuta ya duka la dawa Tukuyu. Memori ya shule moja ya Ilula inafanya kazi kwenye studio ya picha jirani na stendi. Ukiifungua mashine yoyote aliyoigusa utaona mikwaruzo midogo ya sindano, herufi mbili za mahali na tarakimu za mwaka, na ukiwa na subira utajua kila kiungo kilizaliwa wapi. Watu humsifu kwa hilo. Wanasema mkono wa Isakwisa unafufua. Sifa hizo, tuseme ukweli, zilikuwa zimemlevya kidogo.

Jumanne asubuhi alipigiwa simu na Evarista, katibu wa chama cha wakulima wa umwagiliaji kule Ubaruku.

"Shikamoo, fundi. Kamati inakaa kesho saa nne. Wanasema karatasi ya mama Ng'washi tumeghushi."

"Karatasi ipi?"

"Ya shamba. Ina tarehe ya ajabu."

Akamweleza. Ng'washi ni mjane wa Masanja, Msukuma aliyeshuka bonde la Usangu na ng'ombe, baadaye akaugeukia mpunga na kupata ekari mbili mwishoni mwa mfereji. Mwaka 2019 Masanja alianza kuumwa. Kwa kuwa aliwajua ndugu zake vizuri, alimchukua mkewe hadi ofisini akataka shamba liandikwe jina la Ng'washi. Evarista aliandika kwenye kompyuta, ambayo huweka tarehe yenyewe juu ya kila karatasi, akachapa, Masanja akaweka dole gumba. Mwezi wa sita mwaka jana Masanja alifariki. Sasa mdogo wake, Ngolo, amesimama na kudai shamba ni la ukoo. Ng'washi alipoitoa karatasi yake, watu wakaona juu kabisa imeandikwa tarehe mosi Januari 2002.

Chama kilianzishwa 2009. Mwaka 2002 Masanja alikuwa bado Maswa anachunga, hajawahi hata kuona mpunga ukipandwa.

Ngolo hakuishia kwenye tarehe. Alisema mbele ya watu kwamba karatasi ilitengenezwa baada ya msiba, na kwamba dole gumba lile Ng'washi alilichukua kwa marehemu akiwa amelala kwenye mkeka, kabla hajaoshwa. Tangu siku hiyo wanawake wa mtaani wamekuwa wakimpisha Ng'washi njia, na si kwa heshima. Miche yake kitaluni imefikia kimo cha kung'olewa. Ikikaa wiki moja zaidi itazeeka na msimu utakuwa umekwenda na maji. Ngolo ameapa kwamba atakayetia mguu kwenye lile shamba kabla kamati haijaamua, watajuana huko huko.

Isakwisa alisikiliza akiwa ameshika bisibisi. Alijua tatizo kabla Evarista hajamaliza.

Ndani ya kompyuta yoyote, kwenye mazabodi, lile bamba kuu la saketi, kuna kibetri cha duara, bapa kama sarafu. Kazi yake ni moja: umeme ukizimwa, chenyewe kinaitunzia mashine saa na tarehe. Kikichoka, mashine husahau. Umeme ukirudi inaamka ikidhani ndiyo kwanza imetoka kiwandani, na ile ya Ubaruku ilitoka kiwandani ikiwa na tarehe mosi Januari 2002 kichwani. Isakwisa mwenyewe alikuwa amekibadilisha kibetri hicho Novemba iliyopita.

"Kabla sijabadilisha," aliuliza, "ulikuwa unapanga tarehe kwa mkono?"

"Kila umeme ukikatika, fundi. Na hiyo siku ulikatika Masanja amekaa hapa hapa mbele yangu. Ulivyorudi nikaandika haraka kwa sababu mgonjwa alikuwa anahema. Nikasahau kupanga."

"Si uwaambie hivyo."

"Nimewaambia! Ngolo anasema nasali jumuiya moja na Ng'washi, namtetea. Njoo uwaonyeshe mwenyewe. Wewe wanakuamini."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomchoma.

Alipokata simu, alivuta kopo la majarini kutoka chini ya meza akamwaga betri zote alizowahi kuzitoa. Zilikuwa zaidi ya mia. Alizigeuza moja moja kwenye mwanga wa mlango, mteja akaja akajibiwa arudi mchana, mwingine akaja akaondoka na kisirani chake. Aliipata karibu na saa sita. Upande mmoja wa ukingo ilikuwa na mkwaruzo UB 17-23, yaani ilikaa Ubaruku tangu 2017 hadi 2023. Ushahidi wa kutosha. Lakini alipoigeuza, upande wa pili ulisomeka IL 11, naye akaketi.

Mwaka 2017 chama kilimpa fedha ya betri mpya. Siku hiyo duka la vifaa lilikuwa limefungwa, na kwenye begi alikuwa na betri aliyoitoa Ilula kwenye mashine mbovu mwaka 2011. Akaipima, akaona bado ina uhai. Akaitia, akaandika risiti "betri mpya, moja", akapanda gari. Hakujiona mwizi. Alijiona fundi anayejua kisichokufa, na kwa miezi kadhaa betri ilimtii. Kisha ikachoka, na Evarista, mwanamke mwenye adabu zake, badala ya kulalamika akawa anapanga tarehe kwa mkono kila siku kwa miaka, akiamini kwamba ndivyo kompyuta zilivyo.

Isakwisa alifanya hesabu ya mtu anayeogopa. Alichagua kwenye lundo betri nyingine iliyokufa, isiyo na alama yoyote, akaiweka kwenye begi. Hiyo ingetosha kuonyesha mashine inavyosahau. Ile yenye alama aliitia mfuko wa shati, na hata yeye hakujiuliza kwa nini haiachi kwenye kopo.

Jumatano alishuka kwenye basi Rujewa, akapanda bodaboda katikati ya majaruba ya mpunga yaliyojaa maji. Ofisi ya chama ilikuwa imejaa hadi barazani. Wajumbe watano walikaa nyuma ya meza, katikati yao Mzee Silvester, mwenyekiti, mtu wa maneno machache ambaye mashamba yote ya mfereji ule anayajua kwa miguu. Ngolo alisimama karibu na dirisha na fimbo yake. Ng'washi alikaa chini, mgongo ukutani, amejitanda kitenge mpaka mdomoni. Hakumtazama mtu.

Kompyuta ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua. Evarista alikivua, akakikunja mara nne, akakishika kifuani.

"Fundi, tuambie," Mzee Silvester alisema.

Isakwisa alieleza kwa lugha nyepesi, kisha akafungua mashine. Mikono yake ilikuwa imara kwa sababu ilizoea, lakini jasho lilimtoka. Alitoa betri mpya, akatia ile isiyo na alama, akachomoa waya kwenye soketi. Aliwaomba wahesabu hadi sitini. Baadhi walihesabu kwa sauti kama watoto wa chekechea. Akachomeka. Mashine ikakoroma, ikasita, watu wakaacha kuhema, kisha kioo kikawaka. Pale chini kwenye kona ilikuwa tarehe mosi Januari 2002.

Chumba kizima kilitoa sauti. Mjumbe mmoja aliinuka akaja kusoma kwa karibu, kidole juu ya kioo. Ng'washi aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Ngoja," alisema Ngolo. "Naomba kuuliza, mwenyekiti. Hii betri mbovu katoka nayo wapi?"

"Mwanjelwa," alijibu Isakwisa.

"Umesikia? Kaja na ugonjwa wake mwenyewe kwenye begi, kaiambukiza mashine, halafu anasema mashine ilikuwa mgonjwa." Baadhi walicheka. "Hata mimi nikikuwekea betri mbovu kwenye redio itanyamaza. Nani anajua ndani ya hii kompyuta mwaka 2019 kulikuwa na betri gani? Wewe fundi si ndiye ulikuwa unaitengeneza? Unataka kutuambia uliacha betri mbovu humu ndani miaka yote hiyo?"

Lilikuwa swali la haki, na Isakwisa alilijua hivyo. Alijifanya anakaza skrubu moja.

"Jibu, fundi," alisema mwenyekiti.

"Betri zinachoka, mzee. Kwa kawaida."

"Sikuulizi kwa kawaida. Ya hapa."

Mzee Silvester aliwageukia wenzake, wakanong'onezana, mmoja akatikisa kichwa. Alikusanya karatasi zake na kuzigonga mezani zikae sawa, na kila aliyewahi kuhudhuria kamati ile alijua maana yake: uamuzi unatoka. Ng'washi alijua pia. Alivuta kitenge akafunika uso wote, na mabega yakaanza kutetemeka bila sauti. Isakwisa alimwona. Aliona pia Evarista akimtazama yeye, amekumbatia kitambaa chake, bado anamwamini. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Mzee, subiri," alisema, na mkono ukaingia mfuko wa shati.

Aliiweka betri mezani mbele ya mwenyekiti. "Hii ndiyo iliyokuwemo. Soma pembeni. Huwa natia alama kila kitu, mtu yeyote aliyewahi kufungua mashine yangu anajua."

Mzee Silvester aliisogeza mbali na macho kama wazee wanavyofanya. "UB, kumi na saba, ishirini na tatu."

"Ubaruku. Iliingia 2017, nikaitoa mwaka jana Novemba. Masanja alikuja katikati hapo."

Ngolo alisogea akaichungulia. Isakwisa alidhani imekwisha, na kwa sekunde mbili alipumua. Lakini Mzee Silvester ni mtu wa kusoma kitu mpaka mwisho. Aliigeuza.

"Na hii IL, kumi na moja?"

"Ilula. 2011."

"Ilula ni wapi na wapi na sisi?"

"Ilitoka kwenye mashine ya Ilula mwaka 2011. Ilikuwa imeshatumika nilipoileta hapa."

Evarista alisema polepole, "Fundi, sisi tulilipia mpya. Risiti ninayo."

"Ndiyo. Mlilipia mpya, mimi nikatia kuukuu. Ndiyo maana ilikufa mapema, ndiyo maana tarehe ilikuwa inapotea. Si kosa la katibu." Akamgeukia Ng'washi. "Na si kosa lako, mama. Alama ya kidole cha mume wako aliiweka mwenyewe akiwa hai, amekaa hapa. Tarehe mbovu ni yangu mimi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Ngolo alimwuliza mwenyekiti kama mtu aliyekiri kudanganya anaweza kuaminiwa. Mzee Silvester alimjibu kwamba mtu hatoki Mbeya na nauli yake kuja kujivua nguo kwa ajili ya mjane asiye ndugu yake. Wajumbe waliinamiana tena, mara hii kwa muda mfupi. Shamba likabaki la Ng'washi. Ngolo akaagizwa aombe radhi kuhusu maneno ya maiti, naye akaomba, akiitazama fimbo yake, kwa sauti ambayo ni walio karibu tu walioisikia.

Watu walitoka. Wanawake wale wale waliokuwa wakimpisha Ng'washi njia sasa walimzunguka nje wakimpangia nani atang'oa na nani atapandikiza. Ofisini alibaki Isakwisa akirudisha betri mpya mahali pake, na Evarista akiwa bado hajaifunika kompyuta yake.

"Fundi," alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na heri ingekuwa nayo. "Miaka mitano nimekuwa nikiamka nikiwaza tarehe. Nilidhani ni mimi sijui kompyuta."

"Nisamehe, mama."

"Nimesikia. Sasa niambie. Humu ndani kuna nini kingine ulichoniambia ni kipya?"

Angeweza kusema hakuna. Angeaminiwa, au angalau hangeulizwa tena. Badala yake alichukua bisibisi, akafungua ubavu wa mashine aliokuwa ameshaufunga, akawasha tochi ya simu na kumwita asogee. Evarista aliinama karibu naye. Isakwisa aligusa feni kwa ncha ya bisibisi, akaugeuza mkwaruzo wake uelekee kwenye mwanga ili ausome mwenyewe, kisha akahamia kwenye diski.

Dirishani Ng'washi alipita na fungu la kwanza la miche kichwani, maji yakimchuruzika shingoni, akielekea mfereji. Alisimama akamwita. "Asante sana, baba fundi!"

Isakwisa alisikia, lakini hakuweza kuinua kichwa. Alikuwa bado anaonyesha.