Risasi za Apiyo na Adongo

Katika chumba kile kilichonuka baruti, mafuta ya bunduki na omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa nje ya dirisha, kwa kawaida tulikuwa watu watatu, na siku mambo yalipoharibika tukawa wanne. Alikuwepo mjomba Ogutu, ndugu wa mama yangu, tumbo moja. Alikuwepo mkewe Dorka, Msabato ambaye Jumamosi hakuwasha hata kijiti cha kiberiti. Nilikuwepo mimi Anyango, mtoto wa Suna, upande wa Migori, wa miaka tisa au kumi hivi. Wa nne ni Zakayo, binamu wa baba, utingo wa lori la mahindi, na ndiye aliyeleta habari. Nyumba ilikuwa Homa Bay, upande wa ziwani, hatua chache kutoka stoo ya Bwana Haris, mzungu mhandisi wa barabara, ambaye ndiye aliyemwajiri mjomba. Bendera ya Waingereza ilikuwa bado juu, ingawa watu walishaanza kuihesabia siku.

Nilipelekwa kule kwa sababu mama alikuwa amejifungua mapacha wa kike, Apiyo aliyetangulia na Adongo aliyefuata, na nyumba yetu haikuwa tena na nafasi ya mtoto wa kuulizauliza. Apiyo alitoka na sauti. Adongo alitoka mdogo, amejikunja kama kifaranga kilichonyeshewa, na kila aliyekuja kumtazama alishusha sauti. Asubuhi nilipoondoka, nyanya alinishika sikio, si kwa hasira, akaniambia, "Anyango, mapacha si watoto wawili. Ukimbeba mmoja, mbebe na mwenzake. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake. Pacha akiachwa nyuma hununa, akarudi alikotoka." Maneno hayo niliyabeba hadi Homa Bay pamoja na nguo zangu mbili. Usingizi sikuupata vizuri tangu siku ya kwanza. Kila lori lililonguruma kutoka upande wa Migori lilinitoa ndani mbio kwenda kutazama ni nani ameshuka, na nikishaona si wa kwetu nilishukuru, kisha nikaanza kusubiri linalofuata.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilikuwa kumbukumbu. Mjomba Ogutu alikuwa amepigana vita vya Wazungu mbali sana, akarudi na jicho la mwewe, lakini kalamu haikuwahi kumkubali. Bwana Haris alikuwa mtu wa mashindano ya kulenga shabaha, na hakupenda risasi za dukani, alisema zinatofautiana kama watoto wa mama mbalimbali. Kwa hiyo mjomba alizitengeneza kwa mkono, moja moja. Alichukua maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, akayasafisha hadi yakang'aa, akapachika kitakoni fataki mpya ya kuwashia baruti, akamimina baruti iliyopimwa kwenye mizani ndogo ya sahani mbili, halafu akakaza kichwa cha risasi juu. Alipopima tulifunga dirisha, maana hata pumzi ya mtu iliisumbua mizani ile. Dorka akiingia na maneno yake ya jikoni, mjomba alinyanyua kidole tu, na Dorka alitoka akisema, "Haya, mzae salama."

Labda ndipo tulipopata desturi yetu. Mjomba alikuwa akitafuta baruti na fataki zinazopatana, na alijaribu nyingi. Kila mchanganyiko ulikuwa na tabia yake, na asiyeandika lazima apate mahali pa kuweka habari. Tukaanza kuyapa mafungu ya risasi majina kama tunavyowapa watoto, kwa saa waliyozaliwa. Fungu lililotengenezwa alfajiri likaitwa Akinyi, la jua kali Achieng', la wakati wa mvua Akoth. Mimi niliyashika yote. Mjomba akiniuliza, "Okewa, Achieng' alikula nini?", okewa yaani mtoto wa dada yangu, nilijibu pale pale: baruti ya vipande bapa kama maganda ya mtama, fataki za kopo jekundu, na asubuhi alilenga vizuri ila mchana akawa mkali, akatawanyika. Baruti ile ya bapa ilikataliwa kwa sababu hiyo. Joto la Homa Bay liliipandisha hasira. Iliyokubaliwa ilikuwa ya punje ndefu nyeusi, kama majani ya chai yaliyokatwa, ambayo haikujali jua wala unyevu wa ziwa.

Ikabaki fataki. Yalikuwepo makopo mawili, jekundu la zamani na jeusi jipya. Mjomba alikaa asubuhi moja, baruti ile ile, kipimo kile kile, akatengeneza risasi ishirini za kopo jekundu na ishirini za kopo jeusi, bila kuinuka kitini. Nikasema hawa wametoka tumbo moja, kwa hiyo wa kwanza ni Apiyo na wa pili ni Adongo. Mjomba alicheka. "Dada yangu kazaa mapacha, nami nimezaa. Tuchinje kuku." Tulipokwenda kujaribu tano za kila fungu, tundu zote za Apiyo ungezifunika kwa kikombe kimoja cha chai. Za Adongo nazo ungezifunika kwa kikombe, ila zilikaa juu zaidi, kiasi cha kiganja. Zile fataki nyeusi zilisukuma kwa nguvu. Mjomba alisimama mbele ya karatasi akikuna shingo. "Wote ni wazuri," akasema, "lakini hawawezi kuolewa nyumba moja." Akamchagua Apiyo, akakirekebisha kilengeo cha bunduki kimfuate yeye.

Sasa niseme kwa nini uchaguzi ule ulikuwa mzito. Timu ya wilaya ilibakiwa na nafasi moja ya kwenda kushindana Nairobi, ya kugombewa kwa risasi kumi Jumamosi, na Bwana Haris, mgongo ukiwa unamsumbua, alimwandikisha mjomba badala yake. Ambaye angeipata nafasi ile, kama ni Mwafrika, angefanywa mwalimu wa kulenga. Mjomba alikuwa anakaribia miaka arobaini na tano, na kazi yake kwa jina ilikuwa mfagiaji wa stoo. Alisema mara moja tu, kwa Dorka, wala hakujua nasikia: "Nikipita hapa, sitaitwa boi tena." Dorka, aliyekuwa na ugomvi mkubwa na shindano kuwekwa siku ya Sabato, akaenda kumfulia shati la kuvaa siku hiyo.

Ijumaa mchana Zakayo akashuka kwenye lori. Nilimwona kabla hajaniona, na nilipomwona anafuta mikono kwenye suruali, nikamfuata nyuma hadi mlangoni. Alimwambia mjomba ndani, kwa Dholuo, lugha yetu, chini chini, kwamba Adongo amekataa titi siku ya pili sasa. Mjomba akasema Jumapili tutakwenda Suna sote. Kisha akageuka na kuniambia nipakie mkoba wa kesho: "Weka Apiyo kumi. Adongo mwache kwenye sanduku."

Mwache. Neno hilo lilinizunguka kichwani kama nyigu. Nilikaa sakafuni na mafungu mawili mbele yangu, yanafanana kabisa, shaba kwa shaba, nikaona kwamba nikimfungia mmoja sandukuni na mwenzake akaenda safari, kule Suna kitu kitakatika, na mkono utakaokuwa umekikata ni wangu. Sikumwuliza mtu. Nilitoa Apiyo watano, nikaweka Adongo watano, nikawapanga mkobani mmoja mmoja kwa zamu, wa huyu, wa yule, ili asiwepo wa kununa. Nikafunga mkanda. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu nifike, nililala.

Uwanja wa shabaha ulikuwa nyuma ya kilima, nyasi zimefyekwa. Sajenti Barasa, mshindani wa mjomba, alimwona akifungua mkoba, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mzee Ogutu, nasikia unapimia baruti kwa mizani. Umekuja kulenga au kupika?" Mjomba akamjibu bila kumtazama, "Kula kwanza, ndugu yangu, ndipo umtukane mpishi." Wakacheka, hata mzungu mwenye kuandika alama alicheka alipotafsiriwa. Mjomba akalala kifudifudi. Risasi ya kwanza, katikati. Ya pili, juu. Ya tatu, katikati. Ya nne, juu. Nilianza kuelewa kwenye ile ya nne, nikasimama, nikakaa, nikasimama tena, na kila nilipofungua mdomo bunduki ililia. Mtu mwingine angegusa kilengeo cha bunduki. Mjomba hakukigusa, kwa sababu alijua alichokitengeneza, na alimwamini aliyempakia mkoba. Akapiga kumi zote hivyo hivyo. Barasa akaipata nafasi.

Walipoleta karatasi, mjomba aliishika kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa pembeni yake, nikaona alichokiona: tundu tano zinazofunikwa na kikombe, na juu yake, kiganja kimoja, tundu tano nyingine zinazofunikwa na kikombe. Hakuna mtu uwanjani pale aliyelenga vile, na hakuna aliyejua ila sisi wawili. Akaniuliza taratibu, "Okewa, uliwaweka pamoja?" Nikamwambia, "Nera, mjomba wangu, Adongo ni mgonjwa." Bwana Haris akafika akichechemea na fimbo yake, uso umemwiva, anauliza kuna kasoro gani kwenye risasi, ni nani aliyezishika. Mjomba akaikunja karatasi mara mbili, akasema, "Hapana kasoro, Bwana. Nilipumua vibaya."

Maji yakimwagika hayazoleki. Dorka alisema ni Sabato imelipiza, na mjomba alimwacha aseme. Jumapili tulifika Suna, tukamkuta Adongo ananyonya, amenyonya tangu Jumamosi adhuhuri, saa ile tuliyokuwa uwanjani. Mjomba alimtazama mtoto, akamtazama mama, akaomba maji ya kunywa. Bwana Haris alihama na bunduki zake, na mjomba alifagia stoo za watu wengine hadi mgongo wake nao ukakataa.

Leo nakaa Suna. Wajukuu wangu wananiambia, "Nyanya, mtoto yule alikuwa na homa tu ikapungua," na huenda ni kweli. Siku hizi mtoto akikataa titi anapelekwa kliniki kwa pikipiki, anapimwa, anaandikwa, na hakuna mtoto mwingine anayebebeshwa uhai wake kichwani. Naona hilo ni bora. Adongo mwenyewe ni bibi anayeuza nguo Ntimaru, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mpaka, Tanzania, na nilipomsimulia alicheka hadi akashika ukuta. Mimi sicheki. Najiuliza kama ningeyafanya tena, najijibu ndiyo, kisha nakosa utulivu siku nzima, maana nilimpa mama yangu mtoto kwa mali isiyokuwa yangu, na mjomba, mwenye mali, hakunidai.

Majina nina hakika nayo. Ila kama yupo aliye hai aliyesimama nyuma ya kile kilima Jumamosi ile, na akamsikia mjomba wangu Ogutu akimjibu Bwana Haris vingine, aje anisahihishe. Nitafurahi kusikia kwamba alilalamika, hata kidogo.